Unene wa mbao ya shingo ya gitaa la umeme: piga hesabu kabla ya kushika randa

Shingo nyingi za gitaa zinazotengenezwa kwenye karakana ndogo haziharibiwi na mbao mbovu. Zinaharibika kwa sababu fundi alikadiria unene kwa kiganja, akachimba mtaro wa nondo (fimbo ya chuma ndani ya shingo, inayokazwa ili shingo isipinde), akaanza kuchonga mgongo, halafu akagundua kuwa chini ya chuma imebaki mbao ya mm 2. Hapo hakuna dawa.

Unene wa shingo ni jumla ya tabaka tatu: ubao wa freti juu (unaobeba freti, zile nyaya za chuma zinazovuka shingo), mtaro wa nondo katikati, na mbao inayobaki chini ya mtaro, upande wa kiganja. Tabaka mbili za kwanza zinaamuliwa na vifaa ulivyonunua. Ile ya tatu ndiyo unayoichagua wewe, na ndiyo inayobeba mzigo.

Vipimo vilivyomo humu ni vya shingo ya kawaida ya kufungwa kwa skrubu: urefu wa nyuzi mm 648 (inchi 25.5, kipimo cha magitaa ya Fender), ubao wa freti wa kubandikwa, nondo ya njia mbili (inayoweza kukunja shingo mbele au nyuma), upana wa mm 42 kwenye nati ya mfupa (kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa) na mm 56 kwenye kisigino (sehemu inayofungwa mwilini). Ukibadilisha urefu wa nyuzi, hesabu ya unene inabaki ile ile.

Kwanza, chagua unene wa mwisho

Unene hupimwa mahali pawili, kwenye freti ya 1 na freti ya 12, kutoka uso wa ubao wa freti katikati hadi mgongoni. Freti yenyewe haihesabiwi. Kalipa (kifaa cha kupimia unene) ikikaa juu ya freti inaongeza mm 1 au zaidi kidogo, na anayenakili shingo ya gitaa lingine bila kutoa kiasi hicho hupata shingo nene kuliko aliyoipenda. Kwa urefu wa mm 648, freti ya 1 iko mm 36.4 kutoka kwenye nati na ya 12 iko mm 324.

Shingo ya wastani ina mm 21 kwenye freti ya 1 na mm 23 kwenye ya 12. Shingo ya Wizard ya magitaa ya Ibanez, inayopendwa na wapigaji wa kasi, ilijulikana kwa mm 17 na mm 20. Upande wa pili kuna shingo nene za Gibson za mwishoni mwa miaka ya 1950, zenye karibu mm 23 mwanzoni na mm 25 karibu na mwili.

Tofauti ya mm 2 inaonekana ndogo, lakini ukakamavu wa mbao hupanda kwa unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Kutoka mm 19 hadi mm 21 unaongeza ukakamavu kwa takriban asilimia 35. Kutoka mm 17 hadi mm 21 unakaribia kuuzidisha mara mbili. Nyuzi za 10–46 (unene wa uzi mwembamba na wa uzi mnene, kwa elfu za inchi) zikiwa kwenye sauti ya kawaida huvuta kwa nguvu ya kama kilo 46, na za 9–42 kama kilo 38, mchana na usiku. Anayetaka shingo ya mm 18 lazima afidie kwa mbao ngumu zaidi au fito za kaboni. Kwa shingo ya kwanza, usishuke chini ya mm 21 na mm 23. Ukiona ni nene, utaipunguza hata baada ya kupiga gitaa mwezi mzima.

Nunua nondo kabla ya mbao

Nondo ya njia mbili huja katika kina tofauti. Nyingi za bei nafuu hutaka mtaro wa upana wa mm 6 na kina cha mm 9. Nyingine zinahitaji kina cha mm 11. Usiamini maelezo ya muuzaji. Shika kalipa upime sehemu nene kuliko zote, ambayo kwa kawaida ni kipande cha shaba au chuma kwenye ncha, si katikati.

Sasa hesabu. Freti ya 1 ina mm 21. Toa ubao wa freti mm 6, zinabaki mm 15. Toa mtaro wa mm 9, zinabaki mm 6 chini ya nondo. Hiyo ni salama. Shingo ile ile ikiwekewa nondo ya mm 11 inabakiwa na mm 4, bado inafaa. Lakini shingo ya mm 19 yenye nondo ya mm 11 inabakiwa na mm 2, na hiyo itapasuka.

Kanuni ya kazi ni mm 4 chini ya mtaro kwenye freti ya 1. Mm 3 ni mpaka, tena kwa mbao ngumu yenye nyuzinyuzi zilizonyooka. Sababu iko kwenye jinsi nondo inavyofanya kazi: ukiikaza ili kunyoosha shingo iliyovutwa mbele, katikati yake husukuma juu kwenye ubao wa freti, na ncha zake mbili husukuma chini kwenye sakafu ya mtaro. Ncha moja iko karibu na nati, pale pale shingo ilipo nyembamba kuliko kote. Ufa ukitokea, huanzia hapo na kukimbia kwenye mstari wa katikati kuelekea freti ya 3.

Umbo la mgongo nalo linakula mbao. Mgongo wa mviringo wa kawaida hauna shida, kwa sababu mtaro una mm 3 tu kila upande wa mstari wa kati. Mgongo wenye umbo la V huteremka mara moja kutoka katikati, kwa hiyo pembe za mtaro zinakaribia ngozi ya nje. Kwa V ongeza mm 1.5 kwenye hesabu yako.

Mbao gani, na inadai unene gani

Viwanda vya Marekani hutumia zaidi mepo (maple) na mahogani. Mepo ngumu ina ukakamavu wa takriban gigapaskali 12.6 (namba ikiwa kubwa, mbao inakataa zaidi kupinda), na ndiyo iliyozaa vipimo vya shingo tunavyoviona kila mahali. Ukitumia mbao nyingine kwa vipimo hivyo hivyo, unapata shingo nyingine.

Mkangazi, ambao ndio mahogani ya Afrika, una kama 10.6. Ili ulingane na shingo ya mepo ya mm 20, uufikishe mm 21 hivi. Mtiki uko karibu sana na mepo, kama 12.3, lakini una mafuta yanayokataa gundi na chembe za silika zinazomaliza makali ya randa. Mvule uko chini zaidi, kama 9.4, na nyuzinyuzi zake hupishana, hivyo randa huzinyofoa. Mninga una kama 8.4 tu, lakini ni miongoni mwa mbao zinazotulia sana: ukishakauka, haupindi wala haujikunji kirahisi. Kwa hesabu ya ukakamavu peke yake, mninga ungehitaji karibu mm 23 mahali ambapo mepo inatosha na mm 20. Ubao wa freti wa mpingo hupunguza pengo hilo, kwani mpingo una karibu 18 na uko kwenye uso ambapo ugumu una faida kubwa. Kwa mninga wenye mpingo juu, mm 22 kwenye freti ya 1 na mm 24 kwenye ya 12 ni chaguo zuri.

Mpingo mzito hivyo usiutumie kwa shingo nzima. Kichwa cha gitaa kitaelekea sakafuni kila ukiachia mkono. Pia kipande kirefu kisicho na mafundo ni ghali na hakipatikani ovyo. Kwa ubao wa freti unahitaji mm 500 kwa 65 kwa 8 tu. Anayefikiria kuuza mbao nje ya nchi akumbuke kuwa karibu jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iliingia kwenye orodha ya pili ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) mwaka 2017. Gitaa lililokamilika lilisamehewa mwaka 2019, mbao ghafi hazikusamehewa.

Kununua mbao: inchi moja si mm 25

Kwenye maduka ya mbao utauziwa ubao wa inchi moja au inchi mbili. Ubao wa inchi moja uliotoka kwenye msumeno una mm 25 kwa bahati nzuri, na ukipita kwenye mashine ya randa unabaki mm 20 hadi 22. Kwa shingo isiyo na mteremko wa kichwa, ya aina ya Fender, unahitaji mm 19 chini ya ubao wa freti pale kwenye kisigino. Kwa hiyo inchi moja inatosha, lakini kwa shida.

Shida yenyewe ni kupinda. Ubao wa mm 25 uliopinda mm 4 kwenye urefu wa mm 700 utapoteza mm 4 ukisawazisha uso wa kwanza, na mm 4 nyingine ukisawazisha wa pili. Umebaki na mm 17, haufai. Dukani tazama ubao kwa jicho moja kutoka nchani, kama unavyokagua bomba. Uliopinda uache hapo hapo, hata kama rangi yake imekuvutia.

Tazama pia ncha yenyewe. Mistari ya ukuaji ikisimama wima kwenye unene, shingo itakuwa ngumu na tulivu. Ikilala, ubao utajikunja unyevu ukibadilika. Mbao nyingi za sokoni zimepasuliwa kwa kulala, na hapa kuna njia rahisi: randa ubao hadi mm 22, ukate vipande vitatu vya upana wa mm 26, uvigeuze kwa nyuzi (digrii) 90 na uvigundishe ubavu kwa ubavu. Upana unakuwa mm 66, unaotosha kisigino cha mm 56 na ziada ya kusafishia, na mistari iliyokuwa imelala sasa imesimama. Kipande cha kati kigeuze kichwa chini ili mielekeo ya nyuzinyuzi ipingane. Kwa kichwa kipana zaidi, ongeza masikio pembeni baadaye. Shingo ya vipande vitatu vya mninga iliyotengenezwa hivi inashinda ya kipande kimoja, na gharama inayoongezeka ni gundi tu.

Unyevu ndio mtihani mkubwa wa pwani. Mbao inayokaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huelekea kwenye asilimia 15 au 16 ya maji ndani yake. Kwenye hewa ya asilimia 50 huelekea 9. Shingo iliyochongwa Dar es Salaam au Mombasa msimu wa masika, kisha gitaa likapelekwa kwenye studio yenye kiyoyozi, itasinyaa, na ncha za freti zitachomoza pembeni zikwaruze vidole. Acha mbao ndani ya chumba kikavu wiki kadhaa, ikiwa imeinuliwa juu ya vijiti ili hewa ipite. Kila mara unapopunguza unene, acha ziada ya mm 2 na uipe siku chache. Mbao ikitaka kupinda, ipinde kabla ya kipimo cha mwisho.

Kichwa kilichoinama kinadai mbao nyingine

Kichwa cha Fender kimenyooka sambamba na shingo, kimeshushwa tu chini kidogo, kikiwa na unene wa mm 14 hivi. Kinatoka ndani ya ubao ule ule wa mm 19.

Kichwa cha aina ya Gibson kimeinama kwa nyuzi 17. Kukichonga kutoka kipande kimoja, kwa kichwa cha urefu wa mm 180, unahitaji gogo la karibu mm 67, na karibu lote litaishia kuwa takataka. Zaidi ya hapo, nyuzinyuzi zinakatika kwa mshazari nyuma ya nati, na hapo ndipo magitaa haya huvunjika yakianguka. Mbao ya inchi mbili haitoshi.

Tumia kiungo cha mshazari. Kata ubao wa mm 20 kwa nyuzi 13. Mkato utakuwa na urefu wa kama mm 89, eneo kubwa la gundi. Geuza kipande kilichokatika, kibandike, kisha punguza kichwa hadi mm 14 au 15, unene ambao vikazio vya nyuzi vingi vinaukubali. Nyuma ya nati acha nundu ya mm 3 hadi 4, hasa kama tundu la ufunguo wa nondo liko upande wa kichwa. Tundu hilo linaondoa mbao mahali pabaya kabisa.

Kuchimba mtaro

Chimba wakati ubao bado ni mstatili, wenye pande zilizonyooka. Ukishaukata umbo la shingo, mashine ya ruta haina pa kuegemea.

Biti ya mm 6, mm 3 kwa kila pito, mapito matatu. Jaribu kwanza kwenye kipande cha taka na uingize nondo: iingie kwa kusukumwa na kidole, isigongwe kwa nyundo wala isicheze. Mtaro mpana hutoa mlio wa chuma kila ukipiga uzi mnene. Mtaro mfupi kwa kina huinua ubao wa freti. Uliozidi kina kwa mm 0.5 unaweza kuwekewa ukanda mwembamba wa mbao chini. Uliozidi mm 2 umekula akiba yako ya chini, rudi kwenye hesabu.

Kwa shingo nyembamba, fito mbili za kaboni za mm 3.2 kwa 9.5 husaidia sana. Weka kila moja mm 10 kutoka mstari wa kati, si zaidi. Mgongo huinuka kuelekea pembeni: ukiziweka kwenye mm 12, chini yake inabaki chini ya mm 2 karibu na nati, na tupa itazifichua.

Ubao wa freti

Anza na mm 7, malizia na mm 6 katikati. Mviringo wa uso unapunguza pembeni. Kwa mviringo wenye nusu kipenyo cha inchi 12 (mm 305), pembeni kwenye kisigino hupungua mm 1.3, kwa inchi 9.5, mm 1.6, kwa inchi 7.25 ya Fender za zamani, mm 2.1.

Jambo hili lina matokeo kwenye mikato ya freti. Ukikata mikato ya kina cha mm 3.5 ubao ukiwa bapa kwenye mm 6, baada ya mviringo wa inchi 12 pembeni kunabaki mm 2.2, ulimi wa freti (sehemu inayozama kwenye mkato) wa mm 2 unakaa. Kwa inchi 7.25 kunabaki mm 1.4, na ncha za freti hazitashuka hata ukizipiga. Kata tena baada ya kuweka mviringo. Usikate kina cha mm 5 ili kukwepa kazi hiyo, maana kila mkato ni udhaifu kwenye tabaka lenye kazi kubwa.

Kabla ya kubandika mpingo au mtiki, futa uso kwa asetoni na upake gundi ndani ya robo saa. Funika nondo kwa ukanda wa karatasi ya kunatia, paka gundi kwa wembamba, kisha vuta ukanda. Gundi nyingi ya maji hukunja ubao. Kaza kwa klampu zisizopungua sita, saa 24.

Kisigino na skrubu zake

Kisigino kiwe na mm 25 kwa jumla: mm 19 za shingo na mm 6 za ubao wa freti. Mwili wa mm 45 wenye tundu la shingo la mm 16 unabakiwa na mm 29. Bamba la chuma lina kama mm 1.5. Skrubu ya mm 45 basi inaingia kwenye shingo mm 14.5, na inaishia ndani ya mbao.

Aliyepunguza kisigino hadi mm 20 ili kufikia freti za juu kwa urahisi ana mm 14 tu chini ya ubao wa freti. Skrubu hiyo hiyo itagonga mpingo kutoka chini na kuuinua, au kuupasua. Akipunguza kisigino, apunguze urefu wa skrubu au kina cha tundu la mwilini kwa kiasi hicho hicho.

Kuchonga mgongo

Usianze na duara. Anza na vituo viwili: kwenye freti ya 1 na freti ya 12, chonga mfereji mfupi kuvuka mgongo hadi unene uliopanga ukiongeza mm 0.5. Pima kwa kalipa. Halafu unganisha vituo hivyo kwa randa na rula ya chuma iliyolala kwenye mstari wa kati. Mstari huo wa penseli usiufute hadi msasa wa mwisho. Ukipotea, nawe umepotea.

Baada ya hapo ondoa pembe kwa tupa ya mbao, pande mbili sawasawa, kisha pembe ndogo za pembe hizo. Msasa wa 80, 120, 180 na 240 utakula ile mm 0.5 iliyobaki. Fundi anayefika kipimo kamili kwa tupa huishia na shingo nyembamba kuliko mchoro wake.

Nyuzi zikishakazwa

Pima mwanya kwenye freti ya 7 au 8, ukibana uzi kwenye freti ya 1 na ya mwisho. Mm 0.2 hadi 0.3 ni sawa. Mwanya wa mm 0.5 huku nondo imekazwa karibu kufika mwisho maana yake shingo ni nyembamba au laini mno: shuka kwenye nyuzi za 9–42 kwanza. Kama haitoshi, toa freti na uweke zenye ulimi mnene kidogo, zibane mikato na kusukuma shingo nyuma. Dawa hiyo hiyo ikitumika bila kukusudia, yaani mikato ikiwa myembamba kuliko ulimi, hukunja shingo nyembamba kinyumenyume hata kabla ya nyuzi kuwekwa.

Shingo ikijinyonga, upande wa uzi mnene ukawa juu na wa uzi mwembamba chini, nondo haiwezi kuirekebisha kwa sababu inafanya kazi kwenye mstari wa kati tu. Ikiwa ni chini ya mm 0.3, toa freti na usawazishe uso wa ubao kwa msasa ulionatishwa kwenye bapa refu. Hapo ndipo mm 6 za ubao wa freti zinakupa nafasi. Mwenye mm 4 hana cha kusawazisha.